nano au Vim: Anayeanza Ashike Kipi Kwanza?

Kwa mkazi wa Mbeya anayetaka kujifunza kompyuta kwa gharama nafuu, Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, iliyounganishwa kwenye televisheni ya nyumbani inatosha kabisa kuanzia. Ugumu hujitokeza pale anapotakiwa kubadili faili la mipangilio kupitia terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ambako hakuna kubofya kwa kipanya na lazima achague kihariri cha maandishi, kama nano au Vim. Katika kikundi chetu cha vijana hapa Uyole tumebishana kwa miezi kadhaa kuhusu jambo hili: wapo wanaosema mgeni aanze na nano, na wapo wanaosisitiza Vim tangu siku ya kwanza, ili asije akalazimika kujifunza mara mbili.

Hoja ya kwamba kihariri kimoja ni kizito mno kwa kompyuta ndogo tuiweke kando, kwa sababu hata Raspberry Pi Zero 2 W, yenye kumbukumbu ya MB 512 tu, huviendesha vyote viwili bila taabu.

Nguvu ya nano ni kwamba haimfichi mtu kitu. Ukiifungua unaandika papo hapo, na mistari miwili ya chini inakuonyesha amri kuu; ukishaelezwa kuwa alama ya ^ inasimama badala ya kitufe cha Ctrl, unajua tayari kwamba Ctrl na O huhifadhi, na Ctrl na X hutoka. Vim hufunguka katika hali ya amri, ambapo kila herufi ni agizo mpaka ubonyeze i, na kutoka kwake ni kubonyeza Esc kisha kuandika :wq, au :q! ikiwa hutaki kuhifadhi. Isitoshe, vi (kihariri cha zamani ambacho Vim ilitokana nacho) inayokuja na Raspberry Pi OS, mfumo endeshi wa kompyuta hizo, ni toleo lililopunguzwa la Vim, na ukiwa unaandika, vishale vya kibodi huweza kuchapa A, B, C na D badala ya kusogeza kielekezi. Nimemwona kijana akihangaika na herufi hizo kwa robo saa, akiamini ameharibu kibodi ya watu. Dawa yake ni amri moja, sudo apt install vim, ambayo huleta Vim kamili pamoja na vimtutor, somo la takriban nusu saa.

Ugumu huo una historia yake. Bill Joy aliandika vi mwaka 1976 huko Berkeley, Marekani, akitumia terminali ya ADM-3A, kifaa cha enzi hizo chenye skrini na kibodi, ambacho vishale vyake vilichorwa juu ya vitufe vya H, J, K na L, na ndiyo maana herufi hizo husogeza kielekezi hadi leo. Vim yenyewe ilitolewa na Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991, naye aliwaomba watumiaji wachangie watoto wa Kibaale, Uganda. Ombi hilo hutokea kwenye skrini ukifungua Vim bila faili, na kila ninapoliona najisikia jirani wa programu hii.

Kilichonifanya nisiipuuze Vim, hata hivyo, ni umeme. Jioni moja binti mmoja wa kikundi alikuwa akiandika kwa nano programu ya kusoma kipimajoto katika ghala la viazi, umeme ukakatika, na tulipowasha tena faili lilikuwa na mistari sita tu aliyoihifadhi mwanzoni. Ukiwa unaiendesha kutoka kompyuta nyingine na muunganisho ukakatika, nano hujaribu kuokoa kazi katika faili lenye mwisho wa .save, lakini kompyuta yenyewe ikizimika ghafla haipati nafasi hiyo. Vim huweka nakala pembeni, katika faili la .swp, kila baada ya herufi 200 au ukitulia kwa sekunde 4, na ukifungua faili tena hukuuliza kama urejeshe kazi yako. Kwa nyumba ambazo umeme wake hauaminiki, tofauti hiyo ni kubwa kuliko wepesi wa vitufe.

Hata hivyo, naona mgeni aanze na nano. Anayeshindwa kutoka kwenye Vim siku ya kwanza hufunga kompyuta na asirudi, na nakala ya pembeni haimsaidii aliyekwisha kukata tamaa. Lakini asiishie hapo, hasa akitamani kazi ya kusimamia seva, kwa kuwa vi hupatikana karibu katika kila mashine inayotumia mfumo endeshi wa Linux atakayokabidhiwa. Kwa sasa, kila mgeni wetu huandika kwa nano, akibonyeza Ctrl na O kila baada ya mistari michache, na kabla ya kwenda nyumbani siku hiyo hiyo hufungua Vim mara moja, akaandika jina lake, akahifadhi, akatoka.