Mlo wa kuchangia Myanmar: pesa hupotea jikoni au njiani?

Tangu jeshi lipindue serikali ya Myanmar tarehe 1 Februari 2021, Waburma (watu wa Myanmar, iliyoitwa Burma zamani) wanaoishi Marekani, kuanzia Fort Wayne, Indiana, hadi eneo la San Francisco, wamekuwa wakiandaa milo ya kuwachangia wenzao waliobaki nyumbani. Fedha huelekezwa hasa kwa walimu, madaktari na wafanyakazi wa reli walioacha kazi ili wasiutumikie utawala wa kijeshi, na kwa waliokimbia vijiji vyao. Wanaoipinga milo hii, wengi wao wakiwa ndani ya jumuiya hizohizo, wanasema chakula kinaula mchango.

Tuwafanyie hesabu. Tuseme wamekuja watu 150, tiketi dola 30: jumla 4,500. Chakula dola 6 kwa kila mtu ni 900, ukumbi 800, vyombo na bima 200. Zinabaki 2,600. Kama kila mmoja angetuma dola 30 zake bila kula chochote, zingefika nyingi zaidi. Tatizo ni kwamba hatumi. Huja kwa ajili ya bakuli la mohinga, supu ya samaki na tambi ya kwao, na akishaketi na watu wa kwao ndipo anajaza fomu ya ahadi. Watu 60 wakiahidi dola 10 kila mwezi na kutimiza, ni dola 7,200 kwa mwaka, karibu mara tatu ya baki la usiku ule. Kwa hiyo mlo usio na fomu mezani ni hasara, na hapo wapinzani wana haki kabisa.

Jikoni nako si pa kupuuza. Watu 150 wanahitaji kilo 15 hivi za tambi kavu za mchele na lita 60 za mchuzi wa kambare wenye mchaichai, tangawizi na manjano. Unga wa dengu unaoupa uzito hutuama chini; mkorogaji akiondoka dakika chache, chini kunashika na harufu ya kuungua inaenea sufuria nzima. Heri sufuria tatu, kila moja na lita 20 za mchuzi, kuliko moja kubwa. Tambi zikae kando hadi wakati wa kupakua, la sivyo zinanyonya mchuzi na kuwa uji.

Lakini hasara kubwa inatokea baada ya vyombo kuoshwa. Agosti 2022 benki kuu ya Myanmar iliweka kiwango rasmi cha kyati 2,100, sarafu ya huko, kwa dola. Mwaka 2024 soko la mtaani lilipita 4,000. Dola zetu 2,600 kwa kiwango rasmi ni kyati milioni 5.46, kwa 4,000 ni milioni 10.4. Baadaye benki ziliruhusiwa viwango vya juu kiasi kwa baadhi ya miamala, ila pengo halikuzibika. Pengo la namna hiyo linameza karibu nusu ya fedha zilizobaki, na dola zenyewe zinaunufaisha mfumo wa fedha ulio mikononi mwa jeshi.

Ndiyo maana wengi hutumia kile Waburma wanachokiita “hundi”, si hundi ya benki bali njia ya kutuma fedha kupitia mawakala nje ya benki, ndugu wa hawala tunayoijua sisi. Ni ya haraka na ina bei nzuri. Hata hivyo, Marekani humtaka msafirisha fedha awe amesajiliwa, na chama cha hisani lazima kiweze kuonyesha fedha zimetumika kwa nini. Ndani ya Myanmar, anayepokea anaweza kufungiwa akaunti ya simu au kushtakiwa kwa sheria ya kupambana na ugaidi. Njia tunayoiona salama zaidi ni kupitia shirika lililosajiliwa lenye mshirika Mae Sot, mji wa mpakani upande wa Thailand: fedha zinapokewa kwa bati, sarafu ya Thailand, kisha zinavushwa mpaka kidogokidogo. Ni ya polepole, na kila mkono una gharama yake.

Tiketi nayo iseme wazi fedha ni za misaada ya kibinadamu. Wapo wageni wanaotaka zinunue silaha, na hasira yao inaeleweka, lakini chama cha hisani kikikubali hilo kinahatarisha usajili wake na viongozi wake. Pia, tiketi ikizidi dola 75, mwandaaji analazimika kumwandikia mchangiaji thamani ya chakula, kwa kuwa kodi hupunguzwa kwa kile kinachozidi thamani hiyo tu.

Na simu zikusanywe mlangoni. Picha moja ya ukumbini ikifika Facebook inaweza kumpeleka mama wa mgeni kituo cha polisi kule Yangon, Myanmar.