Bei ya mwisho, mtoto wa mwisho

Wiki ya mwisho ya Julai, katika mji mdogo wa Bavaria, Ujerumani, ninakoishi, mambo mawili huangukia siku zilezile. Maduka hushusha bei za nguo za majira ya joto, na watoto huja nyumbani na ripoti za kufunga mwaka wa shule. Mji wenyewe uko kando ya mto Donau, yaani Danube, na watu wake hawafiki 10,000. Duka la nguo za kiume ni moja tu, uwanjani karibu na kanisa. Mwenye duka ni mzee. Hutoa nje reli ya chuma yenye suruali na makoti mepesi, kila kimoja na kikaratasi chekundu, kisha hurudi ndani kwenye kahawa yake. Hamwiti mteja.

Mwaka huu nilichukua shati la kitani, buluu iliyopauka kidogo, vifungo vyake vya kifuu cha nazi. Nilivipapasa vile vifungo nikakumbuka nyumbani. Kikaratasi kilikuwa na bei tatu: yuro 59.95 imekatwa, 39.95 imekatwa, 25 imebaki. Bei zilizokatwa si za kubuni, maana tangu Mei 2022 sheria inamlazimu muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe na bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku 30 zilizotangulia. Zamani sheria ilipanga hata tarehe: punguzo la majira ya joto lilianza Jumatatu ya mwisho ya Julai na kudumu wiki mbili. Hiyo ilifutwa mwaka 2004, ila mzee wetu bado anaifuata Jumatatu yake.

Mwaka wa kwanza nilipofika nilimuuliza, kwa mazoea ya kwetu Lindi, bei ya mwisho ni ngapi. Akanionyesha kile kikaratasi kwa kidole, bila ubaya. Bei ya mwisho imeandikwa, kila mtu anaiona, tajiri na mhamiaji wanalipa sawa. Nakiri kwamba jambo hilo nalipenda.

Siku hiyohiyo ya shati, binti yangu alirudi na ripoti yake ya darasa la tatu ndani ya jalada la plastiki. Alama za Wajerumani zimegeuzwa kwa jicho letu: 1 ndiyo bora, 6 ndiyo mbaya kuliko zote. Alikuwa na 2 ya Kijerumani na 1 ya Hisabati, na juu yake maelezo ya mwalimu jinsi anavyofanya kazi na anavyoishi na wenzake. Kwamba hunyoosha mkono mara chache, lakini akiulizwa anajua. Nafasi darasani haikuandikwa. Mwalimu hakumsomea mtu alama za mwenzake, wala hakuna orodha iliyobandikwa mlangoni. Mimi sijui jirani yangu wa ukuta wa pili mtoto wake kapata nini, na nikiuliza nitaonekana sina adabu.

Jioni nikampigia mama, yuko Mtanda, Lindi.

"Mjukuu wangu amepata ngapi Hisabati?"

"Moja, mama."

Kimya. Halafu: "Moja kati ya mia? Mwanangu, mtoto anaumwa?"

Nikamweleza. Akashusha pumzi, nikasikia anamwambia mtu pembeni kwamba mjukuu amekuwa wa kwanza. Nikamwambia hapana mama, shule hii haina wa kwanza, kila mtoto anapewa alama zake basi.

"Darasa zima halina wa kwanza? Sasa wanamjuaje wa mwisho?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha kuandika, kwa sababu wa mwisho mimi namjua. Ni kaka yangu.

Alikuwa darasa la sita, mimi la nne. Siku ya kufunga shule tulipangwa mistari chini ya mwembe, majina yakasomwa na nafasi zake. Mimi nilikuwa wa tatu, nikapewa madaftari mawili na penseli. Darasa la sita lilikuwa na watoto 68 na kaka alikuwa wa 68. Akaitwa mbele asimame wenzake wamwone. Sikumbuki mwalimu alisema nini. Nakumbuka shati. Lilikuwa shati lake jeupe la shule ambalo mama alilifumua kola akaigeuza, kwa sababu upande wa juu ulikuwa umechanika kwa kuvaliwa, na uzi alioshonea haukuwa mweupe kabisa, ulikuwa wa rangi ya maziwa. Nilikuwa nauangalia uzi ule ili nisimwangalie uso. Januari shule ilipofunguliwa kaka hakurudi. Alipanda basi la Dar na binamu zetu, akaenda kuuza mashati Kariakoo, yamepangwa mkononi kuanzia begani mpaka kwenye kiganja.

Watu wa bara wanalitumia neno machinga kila siku na wengi hawafikirii limetoka wapi. Limetoka kwetu. Wamachinga ni watu wa Lindi, na vijana wa kusini waliokwenda mjini kutembeza bidhaa ndio waliolibeba jina hilo mpaka likawa la kila muuzaji wa barabarani. Ukilisikia, ujue kuna mama huko kusini ambaye mtoto wake hakurudi shule Januari.

Leo kaka amerudi Lindi na anauza mitumba ya kiume sokoni. Nilikwenda likizo nikamkuta anafungua belo la mashati, kilo 45. Alikata mikanda, akachota mashati matatu manne ya juu, akayasugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akataja: pamba, pamba, hili nailoni limechanganywa, hili kitani. Hakusoma lebo hata moja. Kisha akaanza kuchambua. Ya kwanza yenye kola ngumu na mstari mzuri aliyatundika, elfu 10. Ya pili akayakunja, elfu 5. Yaliyobaki yakamwagwa kwenye turubai, elfu 2 chagua mwenyewe. Kabla hajamaliza, kichwani mwake alishajua mashati mangapi ya kutundika yatarudisha pesa ya belo, na kuanzia lipi ndipo anaanza kula faida. Mimi niliyekuwa wa tatu nilitoa simu kuhakiki. Alikuwa sahihi mpaka shilingi mia.

Ndani ya belo lile lilikuwamo shati lenye kikaratasi chekundu cha punguzo bado kimeshikizwa kwenye pindo, maandishi ya Kijerumani. Mtu alilinunua Julai kwa sababu limeshuka bei, hakulivaa hata siku moja, akalitia kwenye kontena la nguo kuukuu. Huku makontena hayo yako kila mtaa, letu liko nyuma ya kituo cha basi. Kaka alinipa nimsomee. Nikamwambia ni yuro 15. Akaligeuza, akalitazama mshono wa kwapani, akalitundika kwenye elfu 10.

Kaka alipofikisha miaka 34 ndipo alipopimwa macho kwa mara ya kwanza, akapewa miwani ya kuona mbali. Aliniambia kwenye simu kwamba ameona majani ya mnazi, jani mojamoja. Miaka sita ya shule alikaa nyuma kwa sababu ni mrefu, na ubao ulikuwa ukungu. Namba 68 ilisomwa mbele ya shule nzima na haikumwambia mtu yeyote habari hiyo. Ndiyo maana naichukia ile orodha ya nafasi. Inasema mtoto amesimama wapi kwenye foleni, halafu inanyamaza palepale ambapo mzazi alitakiwa aanze kuuliza.

Na alama zenyewe tunaziamini kupita kiasi. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali ikayafuta, yakapangwa upya, na maelfu wakaondoka kwenye sifuri. Watoto walewale, majibu yaleyale, namba nyingine. Kuna waliolia miezi mitatu kwa kitu ambacho baadaye kiliandikwa upya ofisini.

Nisieleweke kwamba Wajerumani wamemaliza tatizo. Hapa Bavaria mtoto akiwa darasa la nne, Mei, anapewa cheti cha kuvuka. Wanachukua wastani wa Kijerumani, Hisabati na somo la maarifa ya nyumbani na jamii. Ukiwa na 2.33 au bora zaidi, mlango wa Gymnasium uko wazi, njia iliyonyooka ya chuo kikuu. Mpaka 2.66 unaweza kwenda Realschule, sekondari ya kati. Zaidi ya hapo unabaki Mittelschule, inayoelekea zaidi kwenye ufundi, isipokuwa ukipimwa upya. Mtoto ana miaka 10! Njia za kupanda baadaye zipo, lakini anayezijua ni mzazi aliyesoma hapa, siyo mimi niliyejifunza Kijerumani nikiwa mtu mzima. Binti yangu anaingia darasa hilo Septemba, na usingizi wangu umeshapungua tayari.

Tena mchujo huo unafanyika kimyakimya. Kulikuwa na mvulana wa mtaa wetu ambaye kila asubuhi alisimama kituoni na binti yangu. Baada ya likizo sikumwona. Miezi ikapita ndipo nilipojua kwamba alikuwa na 5 ya Hisabati na sasa anapanda basi la kwenda shule nyingine. Mama yake alihangaika naye mwaka mzima mlango wa pili kutoka kwangu. Mimi Hisabati naiweza, ningekaa na yule mtoto kila Jumamosi bila senti. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuruhusiwa kuuliza.

Kwetu hilo lisingetokea. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, orodha ilibandikwa ukutani na kabla sijafika nyumbani mtaa ulikuwa unajua. Jirani muuza samaki akaleta ndoo. Baba mdogo akavuka maji kutoka Kitunda, ng'ambo ya mji, na sanduku la bati begani. Shangazi alitoa mashuka, mwalimu wa madrasa akatoa elfu tatu. Suruali mbili za shule zilitoka kwenye suruali kubwa za mitumba ambazo kaka alizituma kutoka Kariakoo, fundi akazipunguza kiunoni na kwenye miguu, akaacha pindo refu ndani ili nikirefuka zishushwe. Zilishushwa mara mbili. Kaka yule aliyesimamishwa mbele ndiye aliyenivisha.

Kwa hiyo siombi tufunge midomo kama huku. Mtaa ujue kwamba mtoto wa fulani anakwenda bweni na hana godoro. Ujue pia kwamba mtoto wa fulani Hisabati inamsumbua na anatafutwa wa kumfundisha. Lakini nafasi ya 68 kati ya 68 mtaa hauna kazi nayo, na mtoto ndiye atakayeibeba. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa, na mimi nililipokea kwa furaha. Sasa ifike kwenye shule zetu za msingi, kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu na kwenye mistari ya siku ya kufunga. Najua walimu wengi wana darasa la watoto themanini, na kuandika maelezo kama ya mwalimu wa binti yangu kwa kila mmoja si mchezo. Sentensi moja ingetosha. "Anakodoa macho akisoma ubaoni." Maneno manne tu, na maisha ya kaka yangu yangekwenda kwingine.

Kuhusu bei nako nina neno. Huku nguo hushuka Julai kwa sababu mwenye duka anataka nafasi ya makoti ya baridi. Lindi, Julai ndiyo watu wanalipwa fedha za ufuta, na nguo hupanda, na zinapanda tena korosho zikilipwa, mwisho wa mwaka, wakati huohuo wali wanapotoka jandoni na kila mvulana anatakiwa avishwe upya kuanzia kofia mpaka viatu. Mkulima ananunua ghali kwa sababu amelipwa leo. Kaka nilimwambia aandike bei kwenye vikaratasi kama mzee wa huku. Akakataa. Alisema, "Mdogo wangu, anayekuja hapa na elfu 3 nikimwandikia 5 ataondoka. Akiuliza, tutaongea." Nilimuona akimuuzia kijana wa bodaboda shati la elfu 10 kwa elfu 6 kwa sababu kesho yake alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni. Hapo nilinyamaza. Bei yake haikuandikwa, na haikumdhulumu mtu.

Shati la kitani lenye vifungo vya kifuu lipo kwenye begi, ni la kaka, na sitamwambia nimenunua ngapi maana atalisugua mara moja atajua. Desemba nitakuwa Lindi siku shule zinafungwa. Mwanawe yuko darasa la tano na nimeomba nimsindikize mimi. Mwalimu akinipa ripoti mkononi nitakaa naye nimuulize mtoto anakaa dawati la ngapi kutoka ubaoni. Wakisoma nafasi mistarini, nitasimama karibu naye.