Zuio la biashara 15 kwa wageni: Wakenya wana hoja, ila sio hiyo wanayoipigia kelele

Tangu Tanzania itoe ile amri ya Julai 2025 ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15, majirani zetu wametuita kila jina, mara waoga, mara tunaua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mi naona hatujaeleweka.

Angalia orodha yenyewe. Uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, saluni, kuongoza watalii, kununua mazao shambani, duka la rejareja, yani zile kazi ambazo kijana aliyeishia form four anaanzia akiwa na mtaji wa kuunga unga. Mwenye hela ya kujenga kiwanda kikubwa hajafukuzwa na mtu. Wafanyabiashara wa Kariakoo, lile soko kubwa la Dar, wamelalamika sana kuhusu Wachina wanaotoa mzigo kiwandani kwao halafu wanakaa kwenye fremu wanauza mpaka kipande kimoja, hapo mbongo aliyenunua kwa mtu wa kati hata auze bila faida hawezi kumfikia.

Halafu kuna kitu wengi wamekiruka. Mgeni akikamatwa ni faini kuanzia milioni 10 au jela hadi miezi 6 na kibali kinafutwa, sawa, lakini Mtanzania anayemsaidia naye ana milioni 5 au miezi 3. Hapo ndo penyewe! Manake mchezo tunaujua, leseni jina la mwenyeji, TIN (namba ya mlipakodi) ya mwenyeji, mkataba wa pango wa mwenyeji, na mwenye duka ni mwingine kabisa, mwenyeji anapokea chake kila mwezi ananyamaza. Huyu asipoguswa duka litabaki palepale na amri itaishia kwa wasusi wasio na mtu wa kuwafichia jina.

Na hiyo jumuiya haikuwahi kufungua kila kitu. Itifaki ya Soko la Pamoja, yani mkataba wa nchi wanachama ulioanza Julai 2010, kifungu cha 15, imeacha ardhi kwa sheria za kila nchi. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa asiye raia ardhi ya kukodi tu, mwisho miaka 99, Mtanzania humo ni mgeni kama Mmarekani. Mbona hakuna aliyewaita waoga?

Ila kifungu cha 13 cha itifaki hiyohiyo kinatubana kweli. Raia wa nchi mwanachama ana haki ya kwenda kuanzisha shughuli yake nchi nyingine mwanachama, hata ya kujiajiri tu, na tulisaini wenyewe. Amri yetu imemweka Mkenya anayesuka nywele Namanga mpakani kapu moja na mwenye makontena ya Guangzhou, China. Hiyo hoja ni nzito na pa kuipeleka ni Mahakama ya Afrika Mashariki, iko hapo Arusha, matusi ya mitandaoni hayasaidii. Wizara nayo ingeongeza tu mstari mmoja wa kuwatoa raia wa jumuiya, kwa wale Wachina wa Kariakoo amri ingebaki na makali yaleyale.