Mama mdogo hakulogwa

Naandika hii nikiwa bado na uchungu, mnisamehe kama nitazunguka. Mama yangu mdogo anakaa hapa Tabora mjini, na kwa miezi kama minane watu walikuwa wanasema amelogwa. Asubuhi anaamka vizuri kabisa, anafagia uwanja, anachota maji, anasalimiana na kila anayepita. Ikifika saa kumi jioni kope zinaanza kushuka, hasa ya kushoto, mpaka ainue kidevu juu ndo akuone. Akila matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, yale makavu yenyewe, anatafuna kidogo tu halafu anashikilia taya kwa mkono maana limechoka, na sauti inageuka inakuwa ya puani. Akilala, kesho yake mzima. Sasa ugonjwa gani huo unaokuja jioni na kuondoka usiku, watu wakasema si bure, wakaanza kumnyooshea kidole bibi mmoja jirani mwenye macho mekundu. Sisi wa huku tunajua macho mekundu yameponza bibi zetu wangapi, na wengi ni moshi wa kuni tu wa miaka yote hiyo.

Aliyetuokoa ni daktari mmoja aliyeagiza barafu. Barafu ya kawaida kabisa, akaiweka ndani ya glavu, akaikandamiza kwenye kope ile iliyoanguka dakika mbili hivi. Alipoitoa, kope ikapanda. Mi nilikuwepo, nimesimama pale mlangoni, jicho la mama mdogo limefunguka na yeye mwenyewe analia. Akasema huu unaitwa mayasthenia gravisi, tukafanye vipimo zaidi Mwanza, na ndivyo ilivyokuwa.

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ujikunje hauugusi wenyewe, unatuma kemikali inaitwa asetilikolini. Ichukulie kama machinga, inavuka upenyo mdogo sana kwenda kutafuta wateja kwenye msuli, yaani vipokezi, na kuna kimeng'enya, asetilikolinesterasi, hicho ndo mgambo, kinawafagia wamachinga haraka sana ili msuli usibaki umekakamaa. Kwa mama mdogo kinga yake mwenyewe imewageukia wateja imewaharibu, waliobaki ni wachache, kwa hiyo machinga anafagiwa kabla hajapata mtu wa kumuuzia. Na kadiri msuli unavyotumika ndo unavyozidi kushindwa, ndo maana jioni. Dawa yake, piridostigmini, haiongezi machinga hata mmoja wala hairudishi wateja, inamshika mgambo mkono tu, ili machinga apate muda wa kuwafikia wale wachache waliobaki. Na ile barafu nayo ndo kazi iliyofanya, baridi inapunguza kasi ya mgambo.

Kidonge ni cha miligramu 60. Anameza kama nusu saa kabla ya kula, ndo anatafuna vizuri, na nguvu yake inakaa saa tatu nne hivi inaisha.

Kuna kitu kinanigusa sana kwenye historia ya hizi dawa. Ya kwanza yao, fisostigmini, ilitoka kwenye mbegu za kule Calabar, Nigeria, ambako mtu akituhumiwa uchawi alikuwa ananyweshwa hizo mbegu, akitapika akapona hana hatia, akifa ndo mchawi. Yaani mwavi kabisa, kama ule wa wazee wetu. Halafu mwaka 1934 daktari mwanamke, Mary Walker, kule Greenwich, London, akaona wagonjwa wa mayasthenia wanafanana na watu waliopata kurare, sumu inayolegeza misuli, na fisostigmini ndo ilikuwa inajulikana kupambana na kurare, akamchoma mgonjwa wake sindano, akapata nafuu. Sumu ya kumsakia mchawi ndo mama wa dawa ya mtu aliyedaiwa kulogwa. Nikimwangalia yule bibi jirani nawaza hilo kila siku.

Ila sumu inabaki sumu, hili nalisisitiza. Kuna harusi mama mdogo alitaka acheze mpaka mwisho, akameza vidonge vitatu kwa mpigo na baadaye akaongeza viwili. Mate yakaanza kumtoka, tumbo linakata, misuli inachezacheza chini ya ngozi na mwili ukalegea kuliko mwanzo. Mgambo akishikwa kupita kiasi wamachinga wanajaa mpaka msuli unashindwa kabisa, na mtu asiyejua anadhani dawa imepungua, anaongeza tena!

Na ndugu zetu wa tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge, sikilizeni hapa. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya oganofosfati zinamshika mgambo huyohuyo, tena hazimwachii. Mtu katoka kupulizia shambani anatoka jasho, mate, machozi, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, kifua kinabana: hiyo siyo malaria na wala hajatupiwa kitu. Mvueni nguo, mwosheni kwa maji na sabuni, mkimbizeni hospitali akapate atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo.

Maoni yangu ni kwamba piridostigmini isiwe dawa ya mtu kusafiri mbali kuitafuta. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndugu yake neostigmini inatumika theatre kumrudishia misuli mgonjwa aliyelegezwa kwa ajili ya operesheni. Lakini mimi nimezunguka maduka ya dawa siku nzima nikaambiwa hawaijui hata jina.

Kingine, kwinini, dawa ya malaria, inaweza kuuzidisha huu ugonjwa, na antibiotiki kama siprofloksasini pia, na jentamaisini. Kwa huku kwetu kwenye malaria hilo siyo dogo. Nimeyaandika majina hayo kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari lake la kliniki, na akienda zahanati analiweka mezani kabla hajakaa.