Mchango wa Kijana wa Msituni

Kwenye feri ya Likoni hakuna siri. Waendao kwa miguu hawalipi, kwa hivyo hupanda kila mtu, na kila mtu huja na masikio yake. Asubuhi hiyo nilikuwa nimebanwa kwenye ukingo, begi kifuani, simu sikioni, nabishana na rafiki yangu juu ya riwaya.

Riwaya yenyewe ni ile aina ya wafalme na mazimwi. Mwana wa mfalme azaliwa na alama usoni, babake afariki, ami yake akalia kiti cha enzi na kumfukuza mtoto usiku huohuo. Nakala tuliyo nayo ni moja, ya mtumba, jalada limeshikwa kwa selotepu, na inazunguka kwetu kwa zamu. Kila aliyeisoma amerudi na lake. Mmoja asema shujaa analialia mno. Mwengine alimlilia hadi akachelewa kazini. Kuna na mhasibu mmoja, huyo msimamo wake ni kwamba ami aliongoza nchi vizuri na hazina ilijaa, sasa kelele za nini? Rafiki yangu alikuwa hajafika mwisho, lakini alikuwa tayari kumfia yule kijana. Mimi sikuwa tayari.

"Kufukuzwa amefukuzwa," nikamwambia, na kwa ajili ya mngurumo wa injini ilibidi nipaze sauti, "lakini na yeye kiburi kimemzidi! Ami yake angekaa naye vipi, na mji mzima wasema ana jini? Mwache alale huko msituni ale mizizi, akili imrudie!"

Watu wakanyamaza. Feri ilikuwa imesimama katikati ya mkondo, inapisha meli ya makontena iliyokuwa ikiingia Kilindini, kwa hivyo hapakuwa na pa kukimbilia.

"Mwanangu," akasema mama mmoja mwenye beseni la mabuyu, "huyo kijana ana miaka mingapi?"

"Kumi na sita, mama, lakini huyu ni wa—"

"Kumi na sita! Na wewe wasema ale mizizi?"

Kabla sijajibu, mzee mmoja mwenye kofia ya vito aligeuka mwili mzima. "Mamake yu hai?" Nikasema yu hai. "Amefanya nini?" Nikasema, kwa kuwa ndivyo kilivyo kitabu, amenyamaza. Mzee akashika kiuno. "Liyongo alipofungwa, mamake alimtilia tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wakaula mkate mzuri, ule wa wishwa wakaudharau, mfungwa akaupata, akakata minyororo. Huyu wenu amenyamaza!" Kisa hicho Muhammad Kijuma alikitungia utenzi mwaka 1913, na mzee, kwa alivyokuwa akivuta pumzi, alikuwa tayari kutughania beti zote.

Nikaona dawa ni kuwatajia miujiza, watambue wenyewe kuwa ni hadithi.

"Jamani, huyu kijana akigusa maji yanachemka."

"Huyo ni jini wa Kipemba," akasema kijana wa mkokoteni bila hata kunitazama. "Asomewe."

"Azungumza na kunguru!"

"Binamu yangu wa Mtongwe alianza hivyohivyo," akasema dada mmoja. "Sasa hajambo, ana duka."

"Bahari humpisha njia!"

Hapo wengine walitazama maji, wakatikisa vichwa kwa huruma. Na mzee akaivua kofia yake. Wallahi sikuwahi kuona mchango ukienda kasi namna ile. Kofia ilipita mkono kwa mkono, sarafu zikilia, noti zikikunjwa. Mama wa mabuyu alichomoa noti ya mia kutoka kwenye pindo la leso, na vidole vyake vilikuwa vimeiva rangi ya mabuyu, noti ikabaki na dole gumba jekundu katikati, kana kwamba ametia sahihi. Mama mmoja tu ndiye aliyekataa. Alisema kijana anayesemwa na mji mzima hasemwi bure, akafunga kipochi chake.

Kofia ikanifikia. Meli ilikuwa imeshapita, feri yaelekea kisiwani, na watu wananiuliza kijana atatumiwa nauli au chakula kwanza. Nikapiga kelele: "Msimtumie chochote! Atarudi mwenyewe, na ami yake atashuka kitini kwa hiari, amrudishie urithi wote, waombane msamaha!"

Kimya. Kisha kijana wa mkokoteni akacheka.

"Ami arudishe urithi? Kwa hiari?" Akawageukia wenzake. "Aa, hiyo ni hadithi."

Na hapo ndipo walipoamini. Jini walimkubali, kunguru walimkubali, bahari kupasuka haikuwapa shida, lakini ami wa namna hiyo hayupo Mombasa nzima. Simuni nikasikia rafiki yangu akilia kwamba nimemwambia mwisho.

Kurudisha pesa kulifanyika hukohuko kwenye mteremko wa kutokea, watu wakisukumana na honi za magari nyuma yetu. Wa sarafu ya ishirini alidai hamsini, wa hamsini alidai mia. Yule mama wa kipochi naye akanyoosha mkono, nami kwa haraka nikampa. Zamu ya mama wa mabuyu ilipofika, kofia ilikuwa tupu, na noti yenye dole gumba lake tukaiona ikipanda matatu mkononi mwa mtu.

"Basi nitashika hiki," akasema, akakichomoa kitabu kwenye begi langu.

Mia yake nimeshamtumia kwa simu. Kitabu hajarudisha. Mwanawe yuko kidato cha tatu, humsomea na kumfasiria jioni wakipaka mabuyu rangi, na mimi hutumiwa sauti. Mama wa mabuyu amemlaani mamake shujaa mara nyingi. Kunguru anampenda, asema ana adabu kuliko mashemeji zake. Juzi wamefika sura ya ami kushuka kitini, akamwambia mwanawe afunge kitabu. Asema mwandishi alikuwa mkweli mpaka hapo, kisha akaanza kutudanganya. Rafiki yangu anataka zamu yake, nami nilipompigia mama kumwomba, jibu lilikuwa fupi: aliyeandika autengeneze mwisho kwanza, ami afungwe, ndipo kitabu kitatoka.