Injini ya Kutafutia Inajua Nilichopenda, Haijui Kwamba Nina Haraka

Juzi usiku mtoto wa jirani alikunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya maji. Mama yake akaja mbio kwetu. Mume wangu akatoka kutafuta bajaji, mimi nikashika simu nikaandika kwenye injini ya kutafutia: mtoto amekunywa mafuta ya taa. Juu kabisa yakaja matangazo ya majiko, kwa kuwa wiki hiyo nilikuwa nikitafuta jiko. Yakafuata mavideo ya watu wanaoshauri mtoto atapishwe. Kumtapisha ndiko hatari yenyewe, maana mafuta huweza kuingia mapafuni. Onyo hilo nililikuta chini kabisa. Mtoto yuko salama, alhamdulillahi, lakini mimi bado nina hasira.

Kupangiwa matokeo kwa kufuata mazoea yangu kuna faida, sikatai. Nikiandika "duka la dawa" napata la mtaani kwetu. Sawa.

Google ilianza kuwapangia watu matokeo kwa historia zao mwaka 2005, kwa walioingia kwenye akaunti. Desemba 2009 ikawajumuisha hata wasioingia, kwa kidakuzi (cookie, faili dogo linalowekwa kwenye kivinjari) kilichounganishwa na siku 180 za utafutaji. Mwaka huohuo ilichapisha jaribio lake: matokeo yakicheleweshwa kwa milisekunde 100 hadi 400 (haifiki hata nusu sekunde), watu hupunguza kutafuta kwa asilimia 0.2 hadi 0.6. Haraka ya mashine imepimwa hadi hapo. Haraka yangu mimi, nani anaipima?

Linaloniuma zaidi ni hili. Mtu mwenye haraka hubofya kilicho juu, kizuri kibaya. Mashine inahesabu kwamba amekipenda, na kesho inamletea kingine cha aina hiyo. Sasa mfikirie kijana wa kidato cha nne anayesoma kwa bando la siku, linakatika usiku wa manane, na simu ni ya kaka yake. Huyo hana utafutaji wa kutulia hata mmoja. Kila alichobofya amekibofya akikimbizwa na muda, na hayo ndiyo mashine inayaita mapendeleo yake. Mwenye intaneti ya nyumbani anajengewa picha ya udadisi wake; huyu anajengewa picha ya dhiki yake, kisha anarudishiwa kila siku kama ndiye yeye. Huo ni uonevu, hata kama hakuna aliyekusudia.

Wala wazo la kutofautisha muda si geni. Mwaka 2013 Jaime Teevan, mtafiti wa Microsoft, na wenzake waliandika kuhusu utafutaji wa polepole, kwamba yapo maswali ambayo mtu yuko radhi kuyasubiria jibu bora.

Nataka vitufe viwili. "Nina haraka": weka kando historia yangu, ondoa matangazo, nipe kwanza maelekezo ya wataalamu wa afya. "Nina muda": niletee hata yale nisiyozoea kubofya. Na nichague mwenyewe. Sitaki mashine ikisie haraka yangu kwa kuchunguza ninavyogusa kioo, maana hapo tutakuwa tumewaongezea wenye mashine njia ya kutupeleleza. Najua historia inaweza kuzimwa kwenye mipangilio. Lakini ni mzazi gani atakayeingia kwenye mipangilio huku mtoto anakohoa mikononi mwake?

Na kila nilichobofya kwa haraka kifutwe usiku uleule, kisihesabiwe kamwe kuwa chaguo langu.