Kichupa cha LSD1 na gome la muiri: tunapima nini hasa?

Muiri, yaani Prunus africana, ni mti ambao gome lake linachemshwa kama dawa vijijini kwetu, na Ulaya dondoo lake huuzwa kwa wanaume waliovimba tezi dume. Si ajabu basi mwanafunzi wa baiokemia hapa Nairobi akitamani kujua kama ndani ya gome hilo mna kitu kinachozuia LSD1, protini inayohusishwa na saratani.

LSD1 ni kimeng'enya kilichotambuliwa mwaka 2004 katika maabara ya Yang Shi, Harvard. Hubandua alama za metili, yaani vikundi vidogo vya kemikali, kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imejizungushia. Alama hizo zikitoka, jeni iliyokuwa wazi inaweza kunyamazishwa. Katika saratani kadhaa, ikiwemo ya tezi dume na aina kali ya saratani ya damu, LSD1 hupatikana kwa wingi kupita kiasi, ndiyo maana inasakwa dawa ya kuidhibiti. Leo jeni ya binadamu inayotengeneza LSD1 hupandikizwa kwenye bakteria E. koli, protini ikavunwa, ikasafishwa na kuuzwa kwa mikrogramu. Kichupa kinasafiri kwenye barafu kavu, kinapita forodha, kisha kinahitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri katika jiji ambalo umeme hukatika bila hodi. Bei yake hufikia makumi ya maelfu ya shilingi.

Wanaotetea gharama hiyo wana hoja nzito. Vinkristini, dawa wanayopewa watoto wenye saratani, ilitokana na mmea mdogo wa Madagaska. Kimeng'enya safi kinajibu swali moja tu, tena kwa saa chache, bila kulea seli hai kwa majuma.

Wanaopinga wanasema kichupa si mwili. Ni kweli: LSD1 ikipewa kipande kifupi cha histoni hufanya kazi peke yake, lakini kwenye histoni iliyofungwa na DNA huhitaji mwenzake, protini ya CoREST. Hoja hiyo naikubali, ingawa si inayoninyima usingizi.

Tatizo kubwa limo kwenye kipimo chenyewe. LSD1 inapobandua metili hutoa haidrojeni peroksaidi. Katika kipimo kinachotumika sana, kimeng'enya cha pili, peroksidesi, huitumia peroksaidi hiyo kutoa rangi au mng'ao. Rangi ikififia, tunasema LSD1 imezuiwa. Sasa tia dondoo la gome. Magome yamejaa viondoa-oksidi, ambavyo vinaweza kuila peroksaidi au kuivuruga peroksidesi. LSD1 inaendelea kuchapa kazi kama kawaida, rangi haionekani, na kwenye daftari panaandikwa kuwa dawa imepatikana. Tanini nazo, zile kemikali zenye ukakasi zilizomo kwenye magome, hunata kwenye protini yoyote ile, kwa hiyo hata pale LSD1 inapozuiwa kweli, huenda hilo halihusiani na saratani hata kidogo.

Mimi nasema kichupa kinunuliwe, ila kisifunguliwe kwanza. Chukua dondoo, peroksaidi ya kawaida na peroksidesi, bila LSD1 kabisa. Rangi ikififia hapo, kipimo hicho hakifai kwa dondoo hilo. Ondoa tanini, urudie. Dondoo likifaulu, ndipo LSD1 itumike, pamoja na tranilsipromini, dawa ya zamani ya sonona inayojulikana kuizuia, iwe ya kulinganishia. Mwishoni histoni yenyewe ipimwe uzito kwa spektrometa, maana hapo metili iliyobaki inaonekana bila kupitia rangi.

Nasisitiza haya kwa sababu uvumi kwamba muiri unatibu saratani haungoji uhakiki. Mgonjwa anaweza kuacha kliniki kwa ajili yake. Mti nao, ambao biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, tangu 1995, hufa ukichunwa gome pande zote.